Sufuri ya mashine si sufuri ya watu

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimelikuta neno hili katika vitabu vya shule, katika kanga na katika vinywa vya wafanyabiashara, na kwa miaka mingi nimelifundisha chuoni bila kulitilia shaka. Lakini baada ya mavuno ya mvua za vuli, nilipokuwa nyumbani Mutomo, kusini mwa Kitui, nilianza kulitazama kwa jicho jingine. Katika ghala la shangazi yangu magunia ya ndengu yalikuwa yamepangwa hadi karibu na paa. Zilikuwa ndengu safi, zimekaushwa vyema na kupepetwa, hazina jiwe wala fukusi. Ingekuwa kweli chema chajiuza, magunia yale yangekuwa yamekwisha kuondoka. Hayakuondoka. Dalali aliyekuja na lori alitaja bei ambayo mimi nisingethubutu kuitaja mbele ya mtu aliyelima kwa mikono yake, kisha akapanda lori lake, akasema atarudi tukisha kufikiri.

Tatizo halikuwa barabara. Zamani tungeweza kuilaumu barabara, lakini njia ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui imekwisha kutiwa lami, na lori lililojaa laweza kuifikia barabara kuu ya Mombasa bila kuvunja chuma. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa siku hizi hatembei akiuliza. Huuliza simu yake. Baina ya simu hiyo na ghala la shangazi kuna mtambo, nao ndio unaoamua ni jina la nani litakaloonekana kwanza na la nani litakalofichwa katika ukurasa wa tano, ambao hakuna mtu aufunguaye.

Kazi ya kuufanya ukurasa wa mtu uonekane mapema katika mtambo huo, yaani katika injini ya kutafutia kama Google, imekuwa biashara kubwa duniani. Wapo wanaoishi kwayo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Watu wengi huidhani kuwa ni kazi ya hila na hesabu, ya kujua vifungo gani vibonyezwe. Nia yangu leo ni kuonyesha kuwa sivyo. Kiini cha kazi hiyo ni busara ya mtu na uzoefu wake, na kwetu sisi tunaozungumza lugha ambazo mashine haijazijua vyema, busara hiyo ndiyo mali pekee tuliyo nayo.

Nianze na kisa chetu. Shangazi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama na vijana wanaouza ndengu, kunde na asali. Mpwa wangu, aliyehitimu chuo miaka michache iliyopita na hajapata kazi, aliwatengenezea tovuti. Ilikuwa tovuti ya kawaida, yenye picha za mizinga ya nyuki na nambari ya simu. Kisha akatokea mtu mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja, akawaahidi kuwa kwa siku 30 angeipeleka tovuti yao kwenye ukurasa wa kwanza. Wakachanga fedha. Bwana yule akajaza maneno “asali bora Kenya” katika kila mstari, mengine akiyaandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ili mashine iyasome na mtu asiyaone. Akanunua na viungo kutoka tovuti za kamari za nchi za mbali, ili mashine iamini kuwa dunia nzima yaizungumzia Mutomo.

Kwa miezi miwili mambo yalikwenda. Tovuti ilipanda, simu zikalia. Mwezi wa tatu mpwa wangu alinipigia simu usiku.

“Mjomba,” alisema, “ukurasa wetu umepotea.”

“Umepotea vipi?”

“Hauonekani hata nikiandika jina letu lenyewe. Na yule bwana hapatikani kwa simu.”

Fedha za akina mama zilikuwa zimekwenda, na jina lao likawa limechafuliwa katika daftari la mtambo wasioujua. Kwa kikundi kidogo, hasara ya namna hiyo ni karo ya mtoto wa mtu.

Msomaji asidhani kuwa waliokumbwa na balaa hilo ni watu wa vijijini peke yao. Mwaka 2006 Google iliiondoa katika matokeo yake tovuti ya Kijerumani ya BMW, kwa sababu ilikuwa ikiionyesha mashine kurasa zisizofanana na zile ilizowaonyesha watu. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kuwa duka kubwa la Marekani liitwalo J.C. Penney lilikuwa likitokea juu katika utafutaji wa nguo na matandiko kwa sababu ya viungo vingi vilivyowekwa kwa malipo katika tovuti zisizohusiana nalo. Google ikalishusha. Matajiri hao wana mawakili na wana fedha za kuanza upya. Shangazi hana.

Ili tuelewe kwa nini hila hizi huzaliwa na kwa nini hufa, yafaa tukumbuke mtambo huu ulianzaje. Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipobuni njia ya kupanga kurasa kwa kuhesabu viungo. Ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi, hasa zilizo na heshima, huhesabiwa kuwa na heshima pia. Mwaka 1998 wakaanzisha kampuni yao. Sisi wa vyuo vikuu twaijua hesabu hiyo, kwani ndiyo ile ya kuhesabu ni wanazuoni wangapi walioitaja makala yako. Twajua pia ugonjwa wake. Maadamu watu wameambiwa kuwa heshima hupimwa kwa kutajwa, hutokea watakaotajana ovyo wakabaki na hesabu kubwa na elimu ndogo.

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ilipohesabu maneno, watu wakayarudia maneno. Ilipohesabu viungo, watu wakauza viungo. Mnamo Februari 2011 Google ikaleta mabadiliko yaliyojulikana kwa jina la Panda, kuzishusha kurasa duni zilizoandikwa kwa wingi ili zijaze nafasi tu. Aprili 2012 ikaleta mengine yaitwayo Penguin, kuwaadhibu wenye viungo vya kununua. Mwaka 2019 ikaanza kutumia mfumo wa BERT, unaojaribu kulisoma swali zima badala ya kulikatakata neno moja moja. Kila mara walioishi kwa hila walianguka, na walioandika mambo yenye manufaa kwa msomaji wakabaki wima, au wakianguka huinuka tena.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kuuza hila hawapendi litajwe. Google huwalipa maelfu ya watu, wanadamu wenye macho, wakadirie ubora wa matokeo yake, na mwongozo wanaopewa umewekwa wazi kwa umma. Kwa miaka kadhaa mwongozo huo uliwataka waangalie utaalamu wa mwandishi, mamlaka yake na uaminifu wake. Desemba 2022 likaongezwa jambo la nne, nalo ni uzoefu: je, aliyeandika habari hii amewahi kukifanya kitu anachokisema? Amekitumia? Amefika mahali hapo? Makadirio yao hayapandishi wala kuushusha ukurasa mmoja mmoja, bali hutumiwa kupimia kama mtambo unafanya kazi vyema. Hata hivyo, tazama ajabu hii. Kampuni iliyotajirika kwa kuhesabu imelazimika kukiri kuwa kuna kitu kisichohesabika kwa urahisi, nacho ndicho kinachotakiwa.

Sasa niingie katika uwanja wangu, ambao ni lugha. Baada ya maafa yale, mpwa wangu aliniomba niwasaidie kuiandika tovuti upya. Nami, kwa kiburi cha shahada ya uzamifu, nilikubali upesi. Wanaoifanya kazi hii huanza kwa kuchagua maneno: yule anayeitafuta bidhaa ataandika neno gani? Nikaketi nikaandika kurasa nne za Kiswahili sanifu, na mahali pote penye ndengu nikaandika “pojo”. Ndivyo lisemavyo kamusi. Nilipozisoma mbele ya kikundi, chini ya mwembe, shangazi alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akauliza:

“Mwanangu, hiyo pojo ni ya nani?”

“Ni ndengu, shangazi.”

“Basi mbona hukusema ndengu?”

Akina mama walicheka, na walikuwa na haki. Katika soko la Mutomo, la Ikutha na la Kitui hakuna mtu auzaye pojo. Lakini mpwa wangu naye alikuwa na hoja. Aliuliza kama yatosha kuandika “ndengu” peke yake. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Tanzania, ndengu hizi huitwa choroko. Huko huko Tanzania kuna neno “dengu”, linalokaribiana mno na letu kwa sauti, lakini maana yake ni nafaka nyingine kabisa, ile ya duara na rangi ya kimanjano inayopikwa sana na Wahindi. Mtanzania akisikia “ndengu” aweza kudhani tumekosea kuandika “dengu”, akatarajia mzigo tusiokuwa nao. Mashine nayo, inapolisahihisha neno la mtu bila kuombwa, yaweza kumpeleka huko huko.

Mifano haishii hapo. Mnunuzi wa jumla anayeifahamu biashara hii haombi ndengu tu, bali huomba “nailoni”, jina ambalo wakulima wetu wameipa aina yenye punje zinazong'aa. Mtu asiyekulia Ukambani hawezi kulijua neno hilo, na akiliandika katika mtambo ataletewa nguo na kamba. Chukua na neno “mizinga”. Kwetu ni makao ya nyuki, lakini kwa mashine iliyojifunza Kiswahili kutoka habari za vita, mizinga ni silaha za kulipulia watu. Kikamba nacho kina irabu 7, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu ya herufi. Vijana wanapoandika kwa simu huziacha alama hizo, kwa hiyo neno lile lile lina sura mbili, ya kitabuni na ya kidoleni. Kunde tunaziita nthooko na mbaazi twaziita nzuu. Je, ukurasa wa kikundi cha Mutomo uyataje majina hayo au uyaache?

Maswali haya hayajibiwi na kamusi, na hayajibiwi na programu. Nilipendekeza kwa unyenyekevu zaidi kuliko mara ya kwanza kwamba kwa kipindi cha soko kizima shangazi aweke daftari karibu na simu, na kila anayepiga aandikiwe maneno yake kama alivyoyatamka. Daftari lile limenifunza mengi kuliko vitabu vingi. Watu hawakuuliza “wauzaji bora wa nafaka”, kama yule bwana wa hila alivyodhani. Waliuliza: ndengu ni gunia ngapi? Ni nailoni? Zimekauka sawasawa? Zina fukusi? Debe ni bei gani leo? Mtaleta hadi Kibwezi au tuje wenyewe? Kila swali lilikuwa hofu ya mtu aliyewahi kuuziwa mzigo mbovu.

Kwa hiyo tukaandika ukurasa unaojibu hofu hizo. Akina mama wakaeleza wanavyoanika, kwa siku gani na juu ya nini, wanavyoitambua punje iliyokauka kwa kuing'ata, na jinsi wanavyohifadhi katika magunia yasiyopitisha hewa ili fukusi wafe bila dawa. Tukaandika “ndengu” tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndilo jina la mali. Kisha katika sentensi moja ya kawaida tukasema kuwa Pwani watu huziita pojo na Tanzania huziita choroko, wala si dengu. Hatukurudia neno hata mara moja kwa ajili ya mashine.

Sitadai kuwa muujiza ulitokea. Ilichukua miezi, na simu zilizokuja hazikuwa nyingi. Lakini zilikuwa simu za watu waliojua wanachokitaka. Mmojawapo alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, naye, msomaji, aliuliza kama bado tuna pojo. Nilimtazama shangazi. Akasema tu, “Haya, mwalimu, yako nayo imepata mtu.”

Nimekisimulia kisa hiki kirefu ili nifike kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko ndengu. Wafanyao kazi hii hutumia zana zinazoonyesha neno fulani limetafutwa mara ngapi kwa mwezi. Mpwa wangu alinionyesha. Kwa maneno ya Kiingereza zilijaa tarakimu. Kwa mengi ya maneno yetu ya Kiswahili, na kwa ya Kikamba yote tuliyojaribu, zilionyesha sufuri, au kistari kisichosema lolote. Ushauri wa kawaida unaotolewa kwa vijana ni huu: palipo na sufuri usiandike, nenda uandike kwa Kiingereza penye watu.

Ushauri huo waonekana wa kisayansi. Kwa kweli ni mtego. Mtu wa Mutomo akitafuta habari kwa Kiswahili na asipate kitu, mara ya pili atatafuta kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, na mara ya tatu hatatafuta kabisa. Mashine itaandika sufuri. Mwandishi ataiona sufuri, naye ataacha kuandika. Kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, mtafutaji ajaye naye hatapata kitu. Hivyo sufuri hujizaa yenyewe, na mwisho husemwa kuwa Waswahili na Wakamba hawaihitaji habari hiyo kwa lugha yao. Sufuri ya mashine ni ukimya wa ghala tupu, nasi twaitafsiri kuwa ni ukimya wa watu walioshiba. Google yenyewe imesema mara nyingi kwamba karibu asilimia 15 ya maswali inayoulizwa kila siku haijawahi kuyaona. Ikiwa hali ni hiyo kwa dunia nzima, pamoja na Kiingereza chake chote, sembuse kwa lugha zetu? Aliyekaa sokoni ajua kuwa swali lipo hata kabla mashine haijalihesabu.

Kuna watakaonipinga. Watasema, na ni haki yao, kwamba uzoefu nao hupotosha. Mzee aweza kung'ang'ania jambo kwa sababu tu alilizoea, na mtaalamu aweza kudai kuwa ana busara ilhali ana majivuno. Nakubali, na ushahidi ni mimi mwenyewe na pojo yangu. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na kamusi, na nilikuwa nimekosea. Aidha, hesabu za tovuti zilitusaidia. Zilituonyesha, kwa mfano, kuwa wageni wetu wengi huingia kwa simu, si kwa kompyuta, tukapunguza picha ili wasipoteze fedha za mtandao. Sisemi tuzitupe tarakimu. Nasema tarakimu ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Hakimu ni mtu aliyewahi kuanika ndengu, aliyewahi kukataliwa mzigo, aliyewahi kubashiri vibaya akajirekebisha. Uzoefu usiokubali kusahihishwa ni ukaidi. Hesabu isiyo na mtu wa kuihoji ni kelele.

Historia yetu ya karibuni yaonyesha thamani ya ujuzi huu wa miguuni. Wakati mmoja palikuwa na orodha ya biashara za Kenya katika intaneti iliyoitwa Mocality. Waliwalipa watu wa kawaida kwa simu zao za mkononi ili wazunguke mitaani, wakusanye majina na nambari za maduka, mafundi na wauzaji ambao mashine yoyote isingewapata kwa kuwa hawakuwa na tovuti. Mnamo Januari 2012 Mocality ilitangaza hadharani kwamba watu waliofanya kazi kwa niaba ya Google walikuwa wakiichukua orodha hiyo na kuwapigia simu wenye biashara hizo, huku wakidai uongo kuwa wanashirikiana na Mocality. Google ikaomba radhi. Mwaka uliofuata Mocality ilifungwa. Mimi najifunza hivi katika kisa hicho: kampuni yenye mitambo mikubwa kupita zote duniani ilifika hapa, na watu wake wakakitamani kile kilichokusanywa na watu waendao kwa miguu na kuuliza, “Wewe wauza nini, nawe waitwa nani?”

Nasi wenyewe, je, twakithamini? Kwa miaka mingi sasa vijana wetu waliosoma wamekuwa wakilipwa na wateja wa ng'ambo kuandika makala za kujazia tovuti. Nimepata kumfundisha mwanafunzi aliyekuwa akijilipia karo kwa njia hiyo. Aliandika jinsi ya kuondoa theluji mlangoni na jinsi ya kuchagua mbwa wa kulala ndani ya nyumba, naye hajaiona theluji, na kwao mbwa hulala nje. Simlaumu, kwa maana tumbo halina likizo. Lakini kazi ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuvamiwa na programu zinazoandika zenyewe, kwa sababu asiyejua lolote juu ya theluji na mashine isiyojua lolote juu ya theluji wanafanana. Bei ya mmoja ndiyo ndogo zaidi. Mwanafunzi huyo huyo ajua mambo mengi juu ya kuchimba maji katika mchanga wa mto uliokauka, na hakuna aliyemlipa hata shilingi moja kuyaandika.

Tangu mwaka 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo yake majibu yaliyotungwa na mashine kutokana na yale yaliyoandikwa na wengine. Kwa hiyo hatari ya ukimya imeongezeka. Mahali ambapo hatukuandika, mashine itajijibia kwa kuunga vipande, na itasema kwa sauti ya anayejua. Itamwambia Mtanzania kuwa ndengu ni dengu.

Nifanye hitimisho kwa kusema yanayotupasa. Kwanza, vikundi vya wakulima na wafugaji nyuki visikubali kumlipa mtu anayeahidi ukurasa wa kwanza kwa siku 30. Google yenyewe imekuwa ikionya kuwa hakuna awezaye kuiahidi nafasi ya kwanza kwa uhakika. Mwenye kuahidi hivyo ama hajui au anadanganya. Pili, serikali za kaunti, zinapogharimia tovuti za masoko, ziache kuwapa kazi hiyo watengenezaji peke yao. Waketi nao wauzaji, na daftari liwe mezani. Tatu, sisi wa idara za lugha tuteremke. Tunazo orodha za majina ya mimea, nafaka na vyombo katika lahaja na lugha zetu, zimelala katika tasnifu ambazo hazisomwi na mtu ila watahini. Orodha hizo zina thamani sokoni. Tukizitoa kwa maneno ambayo wenye mali wayakubali, zitamfikisha mnunuzi kwenye ghala. Nne, vijana wanaoijua kazi hii wasiogope sufuri. Waandike kwa lugha ambayo mama zao huuliza bei, wasubiri, wahesabu baadaye.

Methali yetu sitaiacha. Chema chajiuza bado, lakini kwa sharti kwamba mnunuzi ajue kinaitwaje na kiko wapi. Kumwambia hivyo hakuhitaji kupiga kelele wala kujitembeza. Kwahitaji mtu anayekijua chema chenyewe na anayejua watu hukiulizaje.

Nilipoondoka Mutomo, magunia yalikuwa yamepungua, hayajakwisha. Lori la dalali lilikuwa limerudi, na bei aliyoitaja ilikuwa imepanda kidogo, kwa sababu safari hii shangazi aliweza kumjibu kuwa mtu wa Mombasa amepiga simu. Juu ya meza, kando ya simu, niliacha daftari jipya. La zamani lilikuwa limejaa.